Vipimo vya afya Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara dirishani

Nafanya kazi ya maabara hapa Dodoma, na wengi dirishani huniita daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara: yule anayechukua damu, mkojo au makohozi yako na kukutolea majibu. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa karibu kila siku, na kila mwaka yanaongezeka kwa sababu vipimo vyenyewe vinabadilika. Vinakuwa vidogo, vinakuwa vya haraka, na vinamfuata mtu hadi zahanati ya kijijini, hata chumbani kwake. Nafurahi sana kuona hivyo. Kinachoniuma ni kwamba kila kipimo kinajibu swali moja tu, na watu wengi wanalipia jibu bila kujua swali lilikuwa lipi.

## Ya msingi

Kipimo cha haraka na kipimo cha mashine vina tofauti gani?

Kipimo cha haraka ni kile cha kaseti au kitepe: malaria, VVU, ujauzito, kaswende. Hakihitaji umeme wala chumba maalumu, na majibu yake hutoka ndani ya nusu saa. Kinatafuta alama ya ugonjwa, mara nyingi protini ya kimelea au kinga ambayo mwili umeitengeneza. Kipimo cha mashine kinaweza kuhesabu (seli za damu, sukari, kreatinini ya figo) au kutafuta vinasaba vya kimelea chenyewe.

Cha haraka si duni kwa sababu ni cha haraka. Kwa mtoto mwenye homa Kongwa au Mpwapwa, jibu la dakika 20 zahanati ni bora kuliko jibu la siku nne linalotoka mjini.

Nimekunywa chai. Naweza kupima?

Malaria, VVU, makohozi, wingi wa damu: pima. Sukari ya kufunga inataka saa 8 bila chakula wala chai, ila maji unaruhusiwa. Kwa mafuta ya damu, muulize aliyekuandikia. Tafadhali usifiche ulichokula. Ukisema umekula, tutaipima damu yako kama sukari ya wakati wowote na kuisoma kwa viwango vyake. Ukinyamaza, utaandikiwa kisukari usichokuwa nacho.

Jibu la "hasi" maana yake sina ugonjwa?

Maana yake ni kwamba kipimo hiki, kwa sampuli hii, leo, hakikuona kilichokuwa kinatafutwa. Inawezekana ni mapema mno, sampuli haitoshi, au unaumwa kitu kingine kabisa. Majibu yanasomwa pamoja na dalili zako, na hiyo ni kazi ya mtabibu. Ndiyo sababu nikikupa karatasi nakurudisha chumbani kwake. Sikukwepi.

## Homa: malaria, taifodi na UTI

mRDT (kaseti ya malaria ya haraka) inasema hasi lakini mwili unachemka. Kipimo ni kibovu?

Mara nyingi kipimo ni kizima na homa si ya malaria. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Hata kitaifa, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka takribani asilimia 14 mwaka 2015/16 hadi karibu 8 mwaka 2022. Wazazi wetu walizoea kwamba homa ni malaria, na mazoea hayo hayajaondoka.

Huku kwetu kuna homa ambazo kaseti ya malaria haiwezi kuziona kabisa. Ya kwanza kuikumbuka ni homa ya papasi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu za udongo na kuta za tembe, huuma usiku, na homa yake huja, huondoka, kisha hurudi. Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wameichunguza kwa miaka mingi. Kipimo chake ni cha kizamani: tone la damu juu ya kioo, rangi ya Giemsa, kisha hadubini. Ukikiona kimelea chake hukisahau. Ni kijiuzi chembamba kilichojisokota kama skrubu, kimelala kati ya chembe nyekundu. Kwa mjamzito ugonjwa huu ni hatari sana na unaweza kuharibu mimba. Kama nyumba mnayolala ni ya udongo na homa imerudi mara ya pili, mwambie mtabibu hivyo hivyo, na uombe damu isomwe kwa hadubini. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu zahanati nyingi siku hizi zina kaseti peke yake, na hadubini imefunikwa kitambaa pembeni.

Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi wakumbuke pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na wenyeji hawajasahau Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, ambayo ilipiga Dodoma kuliko mkoa mwingine wowote. Ukichinja au kuzalisha mifugo kisha ukapata homa, taja mifugo kabla hujataja kichwa kuuma.

Nimemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, nimepona, lakini mRDT bado ni chanya. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Kaseti nyingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kaseti haijui kama mwenye nyumba yupo au ameacha viatu mlangoni. Kupima dawa imefanya kazi au la ni kazi ya hadubini, inayoona kimelea chenyewe.

Kuna upande wa pili pia. Eritrea na Ethiopia wamekutana na vimelea vya malaria visivyotengeneza HRP2, hivyo kaseti husema hasi kwa mgonjwa halisi. Ndiyo sababu viwanda vinatengeneza kaseti zinazotafuta protini nyingine, na ndiyo sababu hadubini haijastaafu.

Kwa nini kila nikipima naambiwa nina taifodi?

Kama pangekuwa na swali moja tu la kusoma kwenye ukurasa huu, ningekuomba usome hili.

Kipimo unachopimwa kwa kawaida huitwa Widal, na kimekuwepo tangu mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kinga za mwili dhidi yao. Mpimaji anaweka tone la majimaji ya damu yako juu ya kigae cheupe, anaongeza tone la kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha bluu au chekundu, anachanganya kwa kijiti, anatikisa polepole kwa dakika moja, kisha anaangalia kama vimetokea vijipunje. Vikitokea, anaandika 1:80 au 1:160 (kiasi damu ilivyozimuliwa na vijipunje bado vikaonekana), na wewe unasoma "taifodi".

Shida zake ni hizi. Kinga hubaki mwilini muda mrefu baada ya kupona. Bakteria wengine wa jamii hiyo, na hata homa nyingine, wanaweza kuleta vijipunje vilevile. Kigae kikiachwa kikaanza kukauka, vijipunje hutokea vyenyewe, na mpimaji mwenye foleni ya watu thelathini anaweza kuchelewa kidogo. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, karibu kila aliyepimwa alitoka na 1:80, na hakuna aliyejiuliza iweje mji mzima uumwe taifodi siku moja. Nilijiuliza, nikauliza, nikaambiwa nisiharibu kazi. Hadi leo inanisumbua.

Mama mmoja alinijia na karatasi tatu za miezi mitatu, zote 1:160, na kila karatasi ilikuwa na siprofloksasini yake. Aliniuliza, "Mwanangu, hii taifodi ni ya aina gani isiyosikia dawa?" Alipopimwa upya kwa utulivu, ilionekana ana upungufu mkubwa wa damu, na pale ndipo uchovu na kichwa kuuma vilipokuwa vinatoka. Antibayotiki alizokunywa hazikumsaidia lolote, bali ziliwapa bakteria wengine tumboni mwake nafasi ya kujifunza usugu.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu: damu inaingizwa kwenye chupa yenye lishe, bakteria wakiwepo wanaota, tunawatambua na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali ili tujue ipi inawaua. Huchukua siku kadhaa, kinahitaji damu itolewe kabla ya antibayotiki, na hakipatikani kila mahali. Hospitali kubwa ndiko pa kuanzia. Taifodi ipo, inaua, na sisemi ipuuzwe. Ninachokuomba ni kwamba ukiambiwa "una taifodi", uliza kwa adabu: "Nimepimwa kwa Widal au mmeotesha?"

Na UTI?

Hadithi inafanana. Kitepe cha mkojo kinaonyesha dalili za uambukizo, na mkojo uliokingwa vibaya hutoa dalili hizohizo. Jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, ulete ndani ya saa moja. Kama ni mara ya tatu mwaka huu, omba mkojo uoteshwe kama ilivyoelezwa kwenye swali la taifodi.

## Mashine mpya

GeneXpert ni nini, na kwa nini siku hizi makohozi hayasomwi kwa hadubini kwanza?

Ni mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010. Makohozi yanachanganywa na dawa yake, yanamiminwa kwenye katriji ya plastiki, katriji inaingizwa kwenye mashine, na ndani ya takribani saa mbili unajua mambo mawili: kifua kikuu kipo au hakipo, na kama kipo, kinasikia rifampisini, dawa kuu ya kukitibu, au ni sugu.

Hadubini huhitaji takribani vimelea 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo ivione. Katriji ya kwanza ya GeneXpert ilihitaji 130 hivi, na ile ya Ultra iliyofuata inahitaji kama 16. Watu wenye VVU na watoto, ambao makohozi yao huwa na vimelea vichache, ndio walionufaika zaidi. Bei nayo imeshuka: Septemba 2023 katriji ya kifua kikuu kwa nchi zenye kipato cha chini ilitoka dola 9.98 hadi 7.97, baada ya miaka ya shinikizo kutoka kwa wagonjwa na wanaharakati.

Angalizo moja: mashine huona vinasaba vya vimelea waliokufa pia. Aliye katikati ya dozi au aliyemaliza karibuni hapimwi nayo kuona kama amepona. Ni jambo lilelile la mRDT baada ya dawa, tazama hapo juu.

Ni kweli panya wanapima kifua kikuu?

Kweli kabisa, na ni Watanzania. Shirika la APOPO, lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa kama dakika 20. Makohozi hayo huwa tayari yamepimwa kliniki, na yale ambayo panya amesimama juu yake huthibitishwa maabara kabla mtu hajaambiwa lolote. Hivyo panya hunasa wale tuliowakosa. Hatoi majibu peke yake.

Picha ya kifua imesomwa na kompyuta. Niiamini?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za akili unde zisome picha za eksirei za kifua kwa ajili ya kuchuja washukiwa wa kifua kikuu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Neno muhimu ni kuchuja. Programu inasema "huyu apimwe makohozi", hasa pale ambapo hakuna daktari wa kusoma picha. Ukiandikiwa dawa kwa alama ya kompyuta pekee, uliza makohozi yako yalikwenda wapi.

Mashine ipo, naiona, lakini naambiwa kipimo hakuna. Kwa nini?

Kwa sababu mashine bila vitendanishi ni sanduku. Mashine nyingi za kisasa zimefungwa, yaani zinakubali vitendanishi vya kampuni yake tu. Mara nyingi muuzaji anaileta kwa mkataba bila kuiuza, na hospitali inajifunga kununua vitendanishi vyake kwa miaka kadhaa. Bei ya kuanzia inakuwa nafuu, lakini shehena ikichelewa bandarini au bajeti ikikwama, huwezi kuazima kwa jirani mwenye mashine ya aina nyingine.

Tena sehemu kubwa ya vipimo vya VVU na kifua kikuu nchini imetegemea fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kila aliye maabara alihesabu katriji zilizobaki kabatini. Msimamo wangu ni huu: nchi ambayo imeona hilo mara moja inapaswa kuweka vitendanishi kwenye bajeti yake kama inavyoweka mafuta ya magari.

## Kujipima nyumbani

Kipimo cha VVU cha kujipima mwenyewe kinatosha?

Ni hatua ya kwanza. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 kuruhusu mtu kujipima, na marekebisho hayohayo yalishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Cha majimaji ya mdomoni unapitisha kijiti kwenye fizi mara moja juu na mara moja chini, unasubiri dakika 20. Usile wala kunywa muda mfupi kabla.

Kikionyesha mistari miwili, nenda kituoni ukapimwe upya kwa vipimo vya kuthibitisha. Usianze kulia wala kugombana na mtu kabla ya hapo. Kikionyesha mmoja na ulijiweka hatarini ndani ya miezi mitatu, rudia miezi mitatu ikitimia. Anayetumia ARV asijipime ili "kuona kama imeisha", kwani dawa hushusha kinga ambazo kipimo kinatafuta na kinaweza kumdanganya. Kipimo chake yeye ni wingi wa virusi.

Glukometa yangu ya kupimia sukari inatoa namba tofauti kila mara. Nifanye nini?

Kwanza angalia unakoviweka vitepe. Nimeona kichupa cha vitepe juu ya kabati chini ya bati, Oktoba, kifuniko wazi, vumbi limeingia. Vitepe vingi havitaki joto la zaidi ya nyuzi 30, na unyevu huviharibu ndani ya siku. Kichupa kifungwe, kikae pahali pa kivuli, tarehe ya mwisho isomwe. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe, maana mabaki ya embe kidoleni hupandisha namba. Kaseti za malaria na VVU nazo zina masharti ya joto yanayofanana.

Tofauti ndogo ni kawaida ya glukometa. Kisukari chenyewe hakithibitishwi kwayo. Huthibitishwa kwa damu ya maabara: sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita) ya asilimia 6.5 au zaidi, na kama huna dalili, kipimo hurudiwa.

Nimesikia mwanamke anaweza kujichukulia sampuli ya saratani ya shingo ya kizazi.

Ndiyo. Kipimo cha vinasaba vya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kinakubali sampuli ambayo mwanamke ameichukua mwenyewe kwa kijiti laini, faraghani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kiwe cha kwanza, kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze miaka 25 na apime mapema zaidi. Pale ambapo hakijafika, kile cha siki kliniki, ambapo mhudumu hupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia, bado kina faida kubwa. Usikiache ukisubiri kipya.

## Wapi, na kwa leseni gani

Lazima nipande treni kwenda Dar kupima?

Tangu treni ya mwendokasi ianze safari za Dodoma Julai 2024, wengi wanaona Muhimbili ni jirani. Kabla hujakata tiketi, uliza hapa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mashine za picha za CT na MRI, imepandikiza figo tangu 2018, na mwaka 2023 ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Huwezi kufanya hayo bila maabara nzito nyuma yake. Sampuli nyingine husafirishwa zenyewe, na wewe unabaki nyumbani.

Nitajuaje maabara binafsi ni halali?

Tazama ukutani. Kuwe na cheti cha usajili cha Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na mpimaji awe na leseni hai ya Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya. Vifaa na vitendanishi vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukiona ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za afya, hiyo ni alama kubwa, lakini soma ni vipimo gani imethibitishiwa, kwa kuwa ithibati hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja.

Na ile mashine ya "kupima mwili mzima" kwa kushika chuma?

Usitoe hela yako. Unashika kijichuma, kompyuta inatoa kurasa za ini, figo, mifupa na vitamini ndani ya dakika moja, kisha unauziwa virutubisho. Hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna kilichopimwa. Hakuna umeme wa kiganjani unaoweza kusema kreatinini yako ni ngapi.

Bima inalipia?

Kwa kawaida bima hulipia kipimo kilichoandikwa na mtabibu katika kituo kilichosajiliwa na mfuko. Ukija mwenyewe kutaka "vipimo vyote", jiandae kulipa mfukoni.

## Hali za pembeni

Maabara mbili, majibu mawili. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Linganisha vizio, muda wa siku, kama ulifunga, na viwango vya kawaida vilivyoandikwa pembeni, kwa sababu kila mashine ina vyake. Kreatinini ya 90 kwa mikromoli na ya 1.0 kwa miligramu ni karibu kitu kimoja. Zikitofautiana kweli, rudia sehemu moja, na ufuatilie hapohapo.

Nina sikoseli. HbA1c yangu inasema sukari ni safi.

Usiitegemee. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu zinazoishi takribani miezi minne, na zako huishi muda mfupi zaidi. Aliyeongezewa damu karibuni yuko hivyohivyo. Pima sukari ya kufunga.

Mtoto wangu ana miezi miwili, mimi nina VVU. Kwa nini hamtumii kipimo cha kawaida?

Kwa sababu kinga zako zimo kwenye damu yake na zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kipimo cha kinga kingekusoma wewe. Tunachoma kisigino, tunakausha matone ya damu kwenye karatasi maalumu, na karatasi hiyo inasafiri kwenda kupimwa vinasaba vya virusi vyenyewe. Fuatilia majibu, wala usione aibu kuuliza kila ukija kliniki.

Nataka DNA ya mtoto. Nije na nywele zake?

Hapana. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na upimaji unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia njia rasmi kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Anayekuahidi majibu ya siri kwa nywele anavunja sheria na anacheza na familia ya mtu.

Nimeambiwa sampuli yangu imekataliwa. Nimefanya kosa gani?

Pengine hujakosea chochote. Damu inaweza kuganda kwenye kichupa, chembe zinaweza kupasuka wakati wa kuvuta sindano, makohozi yanaweza kuwa mate matupu, au jina halikulingana na fomu. Tukiipima hivyo hivyo, tutakupa namba isiyo yako. Toa nyingine, na kama kosa ni letu usikubali kulipa mara ya pili. Kabla hujaondoka kitini, omba uone kichupa: jina lako, umri wako, tarehe ya leo. Mimi huwageuzia wateja wasome wenyewe, na wiki iliyopita babu mmoja alisoma akasema, "Huyu si mimi, binti yangu," tukaibandua lebo pale pale.